Elfu Thelathini na Nane

Baba alikuwa karani wa mizani, shamba la mkonge, Kigombe.
Robota likipanda, yeye akisoma mshale,
akiandika uzito kwa wino wa buluu,
na hakuna aliyewahi kumpunja kilo.

Mwaka sabini na tatu alisimama Tanga mjini
mbele ya kioo cha duka la magari.
Pijo jeupe, viti vyekundu.
Harufu ya mpira mpya, anasema, ilimfuata hadi barabarani.
Bwana Jivraj alimtajia bei bila kumtazama:
elfu thelathini na nane.
Mshahara wake, mia nne na themanini.
Akafungua daftari, akaligawanya gari kwa miezi.

Mwaka wa kwanza aliacha sigara.
Wa pili, nyama ikawa ya Idi na ya wageni.
Mama aliita akiba ile "mke mwenzangu",
akiuliza kila mwisho wa mwezi:
"Safari hii mwenzangu kala ngapi?"

Kisha bei ikaanza kutembea.
Daftari linasema hivi, sijaongeza neno:

*Sabini na tisa. Vita vimekwisha. Elfu tisini, na kibali hakuna.*
*Themanini na nne. Laki mbili na ushei. Mkonge umeanguka.*
*Robota ni kilo mia mbili na hamsini, jana na leo.*
*Shilingi haina jiwe lake la mizani.*
*Themanini na sita. Imeshushwa tena. Nimeacha kuuliza.*

Na mwezi uleule alioacha kuuliza
kitabu cha benki kilitimiza elfu thelathini na nane,
kamili, bila pungufu ya ndururu.
Alifika pale walipoagana,
gari lilishaondoka zamani.
Zikawa mabati, baiskeli moja ya Swala,
na ada yangu ya bweni.

Mimi sasa ni karani pia, wa forodha, bandarini.
Magari yananipitia mikononi yakiwa karatasi:
IST iliyochokwa Japani,
ikishuka hapa inaitwa mpya.
Milioni kumi na mbili mwaka juzi, kumi na nne mwaka jana,
ushuru juu ya bei, kodi juu ya ushuru,
na kabla muhuri haujakauka dola imepanda ngazi.
Wateja wananiuliza mimi kwa nini,
kana kwamba ndiye niliyeshika kamba.
Nina Passo ya mkopo, nusu yangu, nusu ya benki.
Sijauliza injini iko nusu gani.

Juzi bajaji ilinikwangua Barabara ya Kumi na Mbili
ikaondoka na saitimira ya kushoto.
Nikaenda Ngamiani, kwa Chande wa vipuri.
"Hamsini, dada."
"Thelathini na tano."
"Arobaini, basi, mtumba wa Dubai huo."
Tukavutana, tukakutana njiani.
Nikahesabu noti,
mkono ukasimama hewani.

Sikuifunga siku ile. Nilimpelekea baba.
Ana miaka themanini na mitatu, macho yana ukungu.
"Kiasi gani?"
Nikamwambia.
Alinyamaza mpaka nikajuta.
Kisha akaipakata kiganjani, akaipandisha, akaishusha,
kama bado kuna mshale mahali.
"Kilo haifiki," akasema.
Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia.
"Kumbe Jivraj hakunidhulumu! Ameanza kuleta.
Hili ni sikio. Mengine yako njiani.
Mwite mama yako, aje amwone mwenzake."

Mama akatoka jikoni, unga hadi viwikoni,
akaichukua saitimira kwa ncha za vidole,
akaisogeza mbali, akaisogeza karibu,
akarudisha unywele mmoja chini ya kanga.

"Ndiye huyu?" akasema.
"Kazeeka."